Mwenye Deni Si Mtoto: Mafunzo Saba Niliyopata Katika Kesi ya Fedha za Shule Pennsylvania

Nilikulia Uvira, Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika, na neno la fedha nililolijua kabla ya mengine yote ni minervali, yaani ada ya shule. Baba alikuwa seremala, Mama aliuza ndagala sokoni. Serikali ilikuwa imeacha kuwalipa walimu ipasavyo, kwa hiyo mshahara wao ulitoka mifukoni mwa wazazi. Kila mwezi mkuu wa shule aliingia darasani na daftari, akasoma majina ya wasiolipa, nasi tuliotajwa tukakusanya vitu vyetu na kutoka huku wenzetu wakitutazama. Tulipita nyuma ya nyumba za watu ili tusiulizwe maswali. Juma ambalo ziwa lilichafuka, ndagala hazikupatikana, nami sikusoma.

Vita vilitupeleka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, Tanzania. Mwaka 2012 mimi, mume wangu na mtoto wetu wa kwanza tulipokelewa Lancaster, Pennsylvania, mji wa Marekani uliopokea wakimbizi wengi hata leo Kiswahili husikika dukani, kanisani na kwenye kituo cha basi. Mtu aliyetupokea alitueleza kwamba huku shule ni bure tangu chekechea hadi darasa la 12. Nililia mbele yake. Nilidhani lile daftari limefungwa.

Novemba 2014, mwanangu akiwa darasa la kwanza, wilaya 6 za shule, ya Lancaster ikiwa mojawapo, zililishtaki jimbo la Pennsylvania. Pamoja nazo walikuwa wazazi kadhaa, chama cha shule za vijijini na shule ndogo, na tawi la jimbo la NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi. Dai lao lilikuwa kwamba namna jimbo linavyogawa fedha za shule inavunja katiba ya jimbo lenyewe. Nimeifuatilia kesi hiyo kwa zaidi ya miaka 10, kwanza kama mzazi asiyeelewa kitu, kisha kama mkalimani wa wazazi wenzangu. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Bure kwa mzazi si bure kwa shule

Kazi yangu ya kwanza huku ilikuwa usafi wa usiku katika sekondari moja kwenye vitongoji vya wenye nacho. Nilipangusa maabara yenye hadubini zilizopangwa mstari mrefu, nikafuta meza za maktaba yenye msimamizi wake, nikamwaga taka za ofisi za washauri wa wanafunzi, mlango baada ya mlango. Asubuhi nilimpeleka mwanangu kwenye shule ambayo mshauri wake alikuwa mmoja, na huyo mmoja aligawana siku zake na jengo jingine. Kutoka shule hii hadi ile ni dakika 20 kwa gari. Ada haikulipwa huku, wala haikulipwa kule.

Jioni moja mwanangu aliona picha ya ile maabara kwenye simu yangu. Akauliza, "Mama, hiki ni chuo kikuu?" Nikamwambia ni shule kama yake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Yetu kwa nini haiko hivyo?"

Nilikosa la kumjibu. Jibu pekee nililokuwa nalo lilikuwa la Uvira: mtoto anakosa kwa sababu mzazi wake hakulipa. Lakini huku hakuna mzazi aliyelipa. Basi ni nani ambaye hakulipa?

2. Ijue hesabu kabla ya kulalamika

Alinifumbua macho mwalimu mstaafu aliyekuwa akitufundisha Kiingereza kanisani. Alituchorea ubaoni nyumba kubwa na nyumba ndogo, akatuambia kwamba fedha za shule huku hutoka zaidi kwenye vyungu viwili: hazina ya jimbo, na kodi ya majengo ambayo kila wilaya ya shule huwatoza wakazi wake. Pennsylvania ina wilaya za shule 500. Jimbo lilikuwa likitoa chini ya sehemu 4 kati ya 10 za gharama, na mzigo mkubwa ukaangukia kile chungu cha pili. Sasa kodi hiyo hufuata thamani ya majengo. Penye majumba ya fahari na maduka makubwa, kiwango kidogo huleta fedha nyingi. Penye nyumba kuukuu na viwanda vilivyofungwa, watu hujikamua na chungu kisijae.

Baadaye nilisoma mfano wa San Antonio, Texas, uliofika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na tangu hapo nimeurudia kwa wazazi wengi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakazi wa wilaya ya shule ya Edgewood, wengi wao wenye asili ya Meksiko, walijitoza dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani ya mali zao, wakapata dola 26 kwa mwanafunzi. Wakazi wa Alamo Heights, mji uleule, walijitoza senti 85 tu wakapata dola 333. Hata baada ya kuongeza fedha za jimbo na za shirikisho, mtoto wa Edgewood alikuwa na dola 356, wa Alamo Heights 594. Waliojitahidi zaidi ndio waliopata kidogo.

Hesabu za Pennsylvania zilikuwa na fundo jingine. Kwa miaka mingi kila wilaya ilihakikishiwa kwamba mgawo wake hautashuka hata wanafunzi wake wakipungua. Mwaka 2016 jimbo lilitunga fomula inayozingatia umaskini na idadi ya watoto wanaojifunza Kiingereza, lakini fomula hiyo iligusa fedha za nyongeza tu. Chungu cha zamani kiliendelea kugawanywa kwa desturi ya zamani, huku miji kama wetu ikipokea watoto wapya kila mwezi.

Siku nilipoielewa hesabu hii niliacha kuona aibu. Nilikuwa nikidhani shule ya mwanangu ina upungufu kwa sababu sisi wazazi ni maskini na tumezoea shida. Kumbe upungufu ule ulipangwa kwa sheria na kupigiwa kura.

3. Tafuta katiba yenye neno lako

Wazazi wa Edgewood walishindwa. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba katiba ya shirikisho haiitaji elimu kuwa haki ya msingi. Mlango wa shirikisho ukafungwa.

Lakini kila jimbo huku lina katiba yake, na katiba hizo zinaitaja shule. Ndiyo maana tangu mwaka huo kesi za fedha za shule zimehamia kwenye mahakama za majimbo. Kentucky, mwaka 1989, mahakama ya juu ya jimbo ilitamka kwamba mfumo mzima wa shule za jimbo hilo ni kinyume cha katiba, na bunge likalazimika kuujenga upya. New Jersey, kupitia mfululizo wa kesi zinazojulikana kwa jina la Abbott, watoto wa miji maskini walipata hata shule ya awali, kabla ya chekechea, kwa amri ya mahakama.

Tangu mwaka 1874 katiba ya Pennsylvania inalitaka bunge ligharimie mfumo wa elimu ya umma uliokamilika na wenye ufanisi. Hapa Lancaster neno hilo lina historia. Kwenye makaburi ya mtaa mmoja mjini amezikwa Thaddeus Stevens, aliyesimama bungeni mwaka 1835 kuitetea sheria changa ya shule za bure wakati wengi walitaka ifutwe. Alipofariki mwaka 1868 alizikwa hapo kwa kuchagua mwenyewe, kwa sababu makaburi mengine yaliwabagua watu kwa rangi. Nimewapeleka wanangu kuliona kaburi lake. Nilitaka wajue kwamba shule wanayoisoma ilipiganiwa, na aliyeipigania yuko jirani.

Kwetu Kongo pia neno lipo. Ibara ya 43 ya katiba ya mwaka 2006 inasema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ni bure. Hata hivyo wazazi waliendelea kulipa hadi Septemba 2019, serikali ilipoanza kuitekeleza. Miaka 13 neno lilikuwa limeandikwa na watoto wanafukuzwa. Neno la katiba lisipodaiwa hulala, na huweza kulala miaka mingi.

4. Mahakama ikikataa leo, usichome karatasi zako

Pennsylvania ilikuwa imekwisha kukataa mara kadhaa. Mwaka 1979 na tena mwaka 1999 mahakama ya juu ya jimbo ilizikataa kesi za aina hii. Mara ya pili ilisema waziwazi kwamba suala la fedha za shule ni la wabunge, si la majaji. Kesi yetu nayo, Aprili 2015, ilitupiliwa mbali kwa sababu hiyohiyo kabla hata shahidi mmoja hajasimama.

Nakumbuka huzuni iliyotanda katika mkutano wa wazazi. Mzee mmoja kutoka Bukavu aliniambia, "Mama, nilikwambia. Serikali haishitakiwi." Nami nilikuwa nimeanza kuamini hivyo.

Mawakili wa kesi yetu walikata rufaa. Ilichukua zaidi ya miaka 2. Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Pennsylvania ilibadili msimamo wake: wabunge hawawezi kuwa waamuzi wa kama wao wenyewe wametimiza wajibu wa katiba, hivyo kesi isikilizwe. Kilichozisaidia kesi za awali zisipotee bure ni kwamba kila moja iliacha hoja zilizoandikwa, na wa baadaye wakajua mahali pa kuanzia. Nilijifunza kuweka barua, ripoti na kumbukumbu za mikutano ya shule katika faili moja. Sikujua zitamfaa nani, ila nilijua kumbukumbu za kichwani hazisimami mahakamani.

5. Ushahidi mzito ni maisha ya kila siku

Kesi ilianza kusikilizwa Novemba 2021 jijini Harrisburg, ikaendelea kwa takriban miezi minne. Mashahidi 41 walisimama. Nilikuwa nikiifuata kwa intaneti huku nikipika, vipokea sauti masikioni.

Nilitarajia kusikia maneno makubwa ya sheria. Nilichosikia ni walimu wakuu na wakuu wa wilaya za shule wakieleza mambo ninayoyaona nikienda kukalimani: madarasa yaliyojaa, wataalamu wa kusoma wasiotosha, majengo yanayovuja, korido na stoo zilizogeuzwa kuwa mahali pa kufundishia. Mkuu mmoja wa wilaya alieleza jinsi anavyolazimika kuchagua ni watoto gani wenye uhitaji watasaidiwa na wepi waachwe. Wataalamu nao walileta hesabu. Mmoja wao alikadiria kuwa shule za Pennsylvania zilipungukiwa na dola bilioni 4.6.

Siku moja wakili wa kiongozi wa Seneti ya jimbo, wa upande wa utetezi, alimuuliza mkuu wa wilaya ya shule ya vijijini: seremala ana haja gani na biolojia? Akauliza pia mtu anayeelekea kufanya kazi McDonald's ana haja gani na aljebra.

Nilizima jiko. Nilimwona Baba kwenye karakana yake Uvira, akinusa ubao kabla ya kuununua. Baba alijua mti uliokatwa ukiwa na maji mengi utapinda. Alijua mti upi mchwa wanaukimbia na upi wanaumaliza kwa msimu mmoja. Alijua vumbi la mbao fulani linaziba kifua, ingawa hakujua kwa nini, na kifua kilimsumbua hadi alipozeeka. Hiyo yote ni biolojia. Aliipata nusu kwa mateso, na nusu ya pili aliikosa kwa sababu alitolewa shule akiwa na miaka 11. Hakuna mtu aliyemuuliza Baba kama anaihitaji.

Swali lile lilinifundisha kiini cha kesi. Upande mmoja ulisema kila mtoto apewe shule itakayomwezesha kuchagua maisha yake. Upande mwingine ulikuwa tayari kumkadiria mtoto maisha kwanza, kisha kumpimia shule inayolingana nayo. Jaji aliona kwamba mashahidi wenyewe, wa pande zote, walikubali kila mtoto anaweza kujifunza. Na wanaosema fedha hazibadili kitu waliwekewa utafiti mezani. Mmoja unaojulikana sana, uliochapishwa mwaka 2016 na Jackson, Johnson na Persico, uliwafuatilia watoto waliosoma wakati mahakama za majimbo mbalimbali zilipolazimisha mageuzi ya fedha. Uligundua kwamba fedha zikiongezwa kwa asilimia 10 katika miaka yote 12 ya shule, mshahara wa mtoto ukubwani huwa juu kwa takriban asilimia 7, na faida huwa kubwa zaidi kwa watoto wa maskini.

6. Anayenyimwa naye anaweza kunyima

Funzo hili lilinichoma, na nisingekuwa mkweli nikiliruka. Mwaka 2016, kesi ya fedha ikingoja rufaa, vijana wakimbizi waliishtaki wilaya ya shule ya Lancaster katika mahakama ya shirikisho. Walitoka Somalia, Sudan, Kongo na Myanmar, wenye umri wa miaka 17 hadi 21. Malalamiko yao ni kwamba walikataliwa au kucheleweshwa kuandikishwa, kisha wakapelekwa shule mbadala ya mwendo wa haraka ambako hawakuelewa masomo, badala ya sekondari kuu yenye mpango wa wanaojifunza Kiingereza. Agosti jaji aliamuru wapokelewe katika sekondari kuu. Januari 2017 mahakama ya rufaa ilikubaliana naye, ikitegemea sheria ya mwaka 1974 inayotaka shule ziondoe vikwazo vya lugha.

Kwa hiyo wilaya ileile iliyokuwa ikililia haki mbele ya jimbo ilikuwa mshtakiwa mbele ya vijana wetu. Baadhi ya wazazi waliniuliza tuwe upande gani. Niliwajibu kwamba tuwe upande wa mtoto, popote atakapokaa. Ufinyu wa fedha unaeleza kwa nini shule inajaribiwa kumsukuma pembeni mwanafunzi mwenye gharama kubwa, lakini hauhalalishi. Tunapodai fungu kubwa lije wilayani, tuwe macho pia kuona fungu hilo likishafika linamfikia nani.

7. Hukumu si fedha

Februari 7, 2023, Jaji Renée Cohn Jubelirer alitoa hukumu ya kurasa 786. Alisema elimu ni haki ya msingi Pennsylvania, na kwamba kila mwanafunzi anastahili nafasi ya kweli ya kufanikiwa kimasomo, kijamii na kama raia. Alisema mfumo wa fedha wa jimbo unawanyima haki hiyo watoto wa wilaya maskini. Upande wa jimbo haukukata rufaa.

Niliisoma siku baada ya siku nikiwa na kamusi. Nilipofika sehemu zinazotaja nani hakutimiza wajibu wake, nililikumbuka daftari la mkuu wa shule wa Uvira. Hili nalo lilikuwa daftari la wasiolipa, ila safari hii jina lililosomwa mbele ya watu wote lilikuwa la serikali. Watoto walibaki wameketi.

Kisha tukaanza kungoja. Hukumu haikutaja kiasi cha kulipwa. Iliwaachia bunge na gavana watafute njia. Januari 2024 tume ya jimbo ilikadiria pengo kuwa dola bilioni 5.4, ikapendekeza lizibwe kwa miaka 7. Bajeti ya mwaka huo ilitoa awamu ya kwanza, karibu dola milioni 500. Mwaka uliofuata wabunge walivutana zaidi ya miezi minne, bajeti ikatiwa saini Novemba 2025 wakati shule zilikuwa zimefunguliwa zamani na nyingine zikihangaika kukopa. Wala Pennsylvania si ya pekee. Katika jimbo la Washington mahakama iliitoza serikali ya jimbo faini ya dola 100,000 kwa siku kuanzia Agosti 2015, kwa sababu wabunge walichelewa kutekeleza hukumu ya fedha za shule ya mwaka 2012, na haikufungwa kesi hiyo hadi 2018.

Saa ya mahakama na saa ya mtoto hazitembei mwendo mmoja. Kesi ilipofunguliwa mwanangu alikuwa darasa la kwanza, anajifunza kuandika jina lake. Hukumu ilimkuta darasa la 9, awamu ya kwanza ya fedha darasa la 11. Pengo likizibwa kwa ratiba ile, atakuwa mtu mzima. Yeye alilipa gharama ya kungoja, na hakuna mahakama itakayomrudishia. Lakini dada yake, aliyezaliwa hapa, yuko madarasa ya chini. Kwa ajili yake, na kwa watoto wa jirani zangu, mimi huenda kwenye kikao cha bodi ya shule kila bajeti inapojadiliwa. Hubeba karatasi moja. Huuliza mambo matatu: awamu ya mwaka huu ni kiasi gani, imekwenda kwenye nini, na iliyobaki inakuja lini. Zamani nilikuwa nikienda peke yangu. Sasa huwa tunajaza safu mbili, na ninatafsiri mpaka sauti inakauka.

Mama bado yuko Uvira. Nikimpigia simu huniuliza swali lilelile, tangu siku tulipofika huku.

"Watoto wanasoma?"

"Wanasoma, Mama."

"Na minervali?"

Miaka mingi nilimjibu kwamba huku ni bure, naye alishukuru Mungu tukaendelea na mengine. Siku hizi namjibu vingine.

"Imeanza kulipwa, Mama. Ninadai iliyobaki."